Benchi la Pande Mbili

Siku ya Pasaka, mkwe wa Bibi Eustadia alikula pilau yake akiwa amesimama barabarani, sahani juu ya boneti ya gari, jua la saa saba likimchoma utosini.

Hakuna aliyemfukuza. Ua wa Eustadia, pale Ipuli mjini Tabora, ni mdogo: nyumba upande mmoja, jiko upande wa pili, tangi la maji kwenye kona, mlimao mmoja, na ndoo kuukuu zenye mchaichai na maua ya waridi. Siku ile Eustadia alikuwa ametandika mkeka katikati ya ua kwa sababu magoti yake hayapendi kiti cha sebuleni. Masele akaingia getini, akamwona, akakohoa, akageuka. Baadaye mjukuu akaja mbio na ujumbe: "Bibi, baba anasema yeye yuko nje, anapunga upepo."

Upepo gani? Hata jani la mlimao halikutikisika siku ile.

Eustadia hakumlaumu. Masele, mume wa binti yake Advera, ni Msukuma wa Igunga, mkulima wa mpunga na mfugaji, na watu waliomlea wanashika heshima ya ukwe kwa mikono miwili. Mama mkwe hatazamwi usoni. Mkwe haketi na mama mkwe mkeka mmoja wala benchi moja. Mkwe hali chakula mbele ya macho ya mama mkwe. Eustadia mwenyewe kwao Kigwa alikulia humo humo. Marehemu mume wake alikuwa akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye mashamba ya watu na kutokea mbele kabisa, suruali imejaa majani. Kwa hiyo Eustadia aliijua adabu ile na aliipenda. Ila sahani juu ya boneti ilimkaa rohoni.

Kilichomkaa zaidi ni jambo la zamani kidogo. Mwaka aliofanyiwa upasuaji wa macho, akalazwa na kitambaa usoni, kila asubuhi muuguzi alikuja na chupa ya uji. "Bibi, uji wako. Ameleta yule mtu asiyeingia." Eustadia hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alimsikia akikohoa nje ya mlango wa wodi asubuhi, akamsikia tena jioni. Masele aliacha mpunga wake Igunga, akakaa kwenye korido mpaka mama mkwe alipofunguliwa macho, kisha akaondoka kabla hajatazamwa. Eustadia alituma asante kupitia kwa Advera. Lakini asante ile aliihisi kama uji uliobebwa mbali, unafika umepoa. Hajawahi kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe, yeye akisikia.

Sasa Bertila, mtoto wa Masele na Advera, ambaye anakaa na bibi yake ili asome mjini, alikuwa anapokea Komunyo ya kwanza. Sherehe ingefanyika hapo hapo uani. Eustadia aliamua jambo moja: baba wa mtoto hatakula barabarani siku ya mtoto wake. Ataketi ndani ya ua huu, na yeye Eustadia ataketi ndani ya ua huu, na heshima haitavunjika.

Akampigia simu mwanawe Wilbroad, anayefanya kazi halmashauri kule Isikizya.

"Nataka viti vya uani," alisema.

"Mama! Leo umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Nataka viti."

Wilbroad alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Jumapili akaja na simu yake, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaanza kumwonyesha picha: makochi ya nje yenye mito minene, meza za kioo, miavuli mikubwa kama hema la harusi.

"Angalia hii, mama. Unaviweka mviringo, meza katikati. Watu wote wanaonana."

"Ndiyo ubaya wake huo."

"Ubaya gani?"

"Kuonana."

Wilbroad akaelewa, akacheka. "Mama, Masele naye! Dunia imebadilika. Mweke tu hapo kwenye kiti, atazoea."

"Wewe una mama mkwe," alisema Eustadia kwa upole. "Umewahi kumwambia, mama, nisogezee chumvi?"

Wilbroad alikuna kidevu. "Ile ni tofauti."

"Enhe. Niambie tofauti yake."

Wilbroad akairudisha simu mfukoni. Lakini ni mtoto mwenye moyo, na wiki ile ile guta la mizigo likasimama getini na viti vinne vya nje, vya fremu ya chuma vilivyosukwa kwa kamba ya plastiki, na meza fupi. Mito ilikuwa ya kijani kibichi, rangi anayoipenda Eustadia tangu utotoni. Na kila mguu wa kiti ulikuwa umevishwa kiatu cha mpira, ili sakafu ya saruji isikwaruzwe. Eustadia aliinama akavigusa viatu vile kimoja kimoja. Wilbroad hakuvitaja hata kidogo, na ndiyo maana mama yake alivipenda zaidi.

Ikabaki kupanga.

Jumamosi jirani yake Magreth alikuja kusaidia. Magreth ni mwanamke mnene, mjane kama yeye, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Wakavipanga viti kwa mstari ukutani.

"Hapa umefungua zahanati," alisema Magreth. "Nani anaanza kuingia kwa daktari?"

Wakaviweka kwenye kona mbili. Aliyekaa kona hii alimtazama wa kona ile moja kwa moja, kama mashahidi wa kesi. Wakaweka viwili nyuma ya tangi. Magreth akaketi huko, akapiga kelele: "Eustadia! Mimi nimealikwa sherehe au nimewakimbia askari?" Wakajaribu kuutia mlimao katikati, lakini mlimao wenyewe ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji, haufichi hata kuku.

"Tundika kanga," alisema Magreth. "Kamba ya nguo hii hapa. Kanga moja katikati, yeye huku, wewe kule, kama chumba cha sindano."

Wakatundika. Eustadia akaketi upande mmoja, Magreth upande wa pili, wakaanza kusalimiana kwa adabu ya wakwe. Upepo ukapita, kanga ikapaa, wakajikuta wanatazamana, Magreth amepanua mdomo.

"Shikamoo mkwe!" alisema Magreth.

Walicheka mpaka Eustadia akashika ubavu. "Sasa mimi nitamwona mkwe wangu kila upepo ukivuma? Toa, toa hiyo kanga."

Mwishowe Eustadia aligeuza viti viwili vikapeana migongo. Aliketi kimoja, Magreth kingine. Hapo pakakaa sawa. Hawakuonana, na walisikiana bila kupaza sauti. Lakini viti vile vina migongo iliyolala nyuma, na vikipeana migongo miguu inasukumana mbali. Vilikula ua wote. Magreth akainuka na kujifanya amebeba sufuria ya wali kutoka jikoni, hakupita.

"Migongo miwili ya nini?" alisema Eustadia, kama anayejisemea. "Vingekuwa na mmoja tu wa kuegemea, njia ingebaki."

Magreth akasimama na sufuria yake ya hewani. Wakatazamana.

Jumatatu wakaenda Gongoni kwa fundi Mfaume, seremala aliyewatengenezea vitanda watu wa nusu ya mji. Eustadia alimwelezea kwa mikono, akipeanisha migongo ya viganja vyake.

"Benchi moja, fundi. Mgongo mmoja katikati. Watu wanakaa huku, na watu wanakaa huku."

"Kama yale ya stesheni."

"Kama hayo. Lakini ya stesheni hayana heshima, watu wanageuka geuka. Langu mtu asiweze kugeuka kirahisi."

Mfaume aliweka penseli sikioni. "Ni la nani, bibi?"

"La mimi na mkwe wangu."

Vijana wa karakana waliacha kupiga msasa wakasikiliza. Mfaume hakucheka. Alimvutia Eustadia kigoda, akampa maji ya kunywa, akaanza kutoa mbao moja moja ili achague akiwa ameketi. Eustadia aliona jinsi alivyokuwa akizileta mpaka magotini pake, asiinuke. Ubao wa paina aliukataa, mvua mbili tu unajikunja. Mkurungu ulikuwa mzuri lakini mzito mno kusogezwa na wanawake. Kisha ukaja ubao wa mninga, rangi ya asali iliyokaa, wenye mistari inayopinda kama maji ya mvua yanavyochora mchanga. Eustadia aliugonga kwa kidole, akaunusa.

"Huu. Usiufunike kwa rangi. Upake mafuta tu, watu wauone."

"Na mgongo, urefu wake?"

"Mtu akiketi asinione, nami nisimwone. Ila sauti ipite juu."

"Mkwe wako mrefu?"

"Ni Msukuma, fundi."

Mfaume akapima hewani. "Basi kisogo chake kitachungulia. Nikifanya mrefu zaidi linakuwa kabati."

"Kisogo hakina neno," alisema Eustadia. "Hicho ninakijua. Miaka yote hii ndicho ninachokiona."

Benchi lilipokuwa tayari kwa kujaribiwa, wakaenda tena. Magreth alikalia upande mmoja na Eustadia upande mwingine. Lilikuwa tamu. Magreth akaanza hata kusimulia habari za kwaya. Kisha Eustadia akainuka kutazama mguu wa benchi, na nyuma yake akasikia ukelele: benchi limeinama, Magreth anateremka nalo taratibu kama gunia la tumbaku kwenye lori.

"Mfaume! Umetengeneza mzani wa dukani!"

Vijana walimdaka. Mfaume aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno, akarefusha miguu kila upande na kuiunganisha kwa gongo la mti chini, na safari hii akaketi yeye mwenyewe upande mmoja na kuwaambia vijana wake watatu waruke kutoka upande wa pili kwa pamoja. Benchi halikutikisika.

Siku ya kulileta, guta lilifika mwanzo wa mtaa likakwama. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya bomba la maji. Wilbroad, aliyekuja na shati lake la ofisini, akavua shati, akalitia bega benchi yeye na kijana mmoja wa Mfaume, wakaenda nalo kwa miguu. Mtaa wa Eustadia uko pembeni ya njia ya kwenda Kwihara, njia ambayo misafara ilipita zamani, na babu ya babu yake alikuwa mpagazi aliyekwenda pwani na kurudi. Watu wa hapo hawasahau mambo kama hayo, hasa wakipata nafasi ya kumtania mtu.

"Wapagazi!" mzee mmoja aliita kutoka kwenye genge la kahawa. "Bagamoyo ni upande ule!"

"Tumeshatoka!" Wilbroad akajibu, jasho likimtiririka. "Tunarudi na mali!"

Eustadia alitembea nyuma yao na fimbo yake, polepole, kichwa juu. Kila aliyeuliza ni nini hicho alijibiwa: "Ni kiti cha mkwe wangu."

Wakaliweka katikati ya ua, ncha moja ikiuelekea mlimao. Upande mmoja ulitazama geti. Huo ni wa Masele, mgeni asikae amelielekezea lango kisogo. Upande wa pili ulitazama jiko. Huo ni wa Eustadia, aone sufuria zake. Viti vya Wilbroad na meza yake vikapangwa kando ya ukuta karibu na tangi, kwa katekista na wageni wengine, mito ya kijani ikiwa imepigwa vumbi mpaka ikang'aa. Njia ya kutoka jikoni ikabaki wazi. Magreth alipita na sufuria ya kweli mara mbili, kwenda na kurudi, hakugusa kitu.

"Sasa huu ni ua," alisema.

Siku ya Komunyo, Bertila alikuwa na gauni jeupe na maua kichwani, na alikuwa akitembea kwa hatua fupi kama amebeba yai. Baada ya misa wageni wakajaa. Eustadia alikuja mapema, akaketi upande wake wa benchi, mgongo sawa sawa, kitenge kimenyooka magotini. Alisikia gari likizimwa nje. Akasikia mlango wa gari. Akasikia kikohozi.

Masele alikuja na baba yake mdogo, Mzee Masanja, mtu mfupi mwenye kofia ya pama na mdomo usiochoka.

"Mwangaluka!" Masanja aliusalimu ua wote kwa mpigo mmoja. "Mmepika nini nyinyi Wanyamwezi, au mmetuitia harufu tu?"

"Kwa Wasukuma tumepika mbichi, mmezoea!" Magreth alimrudishia kutoka jikoni, na kicheko kikaanza.

Wilbroad akaenda getini, akamshika shemeji yake mkono, akamleta mpaka kwenye benchi. "Karibu. Hapa ndipo pako. Mama yuko upande ule."

Masele alisimama. Eustadia hakuweza kumwona, lakini aliona kivuli chake kikiwa kimekatika sakafuni, na kilikuwa hakisogei. Kikazunguka kidogo ncha ya benchi, kikarudi. Kisha akasikia sauti yake ya chini, akisema na mtoto.

Bertila akazunguka akaja mbele ya bibi yake, mikono imeshikana kama kanisani. "Bibi, baba anauliza. Anasema, hili ni benchi moja au ni mabenchi mawili?"

Vichwa vikageukia benchi. Hata Magreth aliacha mwiko ndani ya sufuria.

Eustadia alikuwa amefikiria macho. Siku zote zile za kusogeza viti, kutundika kanga, kupima visogo, alikuwa akifikiria macho tu. Hakukumbuka hata mara moja kwamba wakwe hawakalii benchi moja. Wala Magreth hakukumbuka, wala Wilbroad. Na lile lilikuwa limeunganishwa kutoka juu mpaka chini, kwa agizo lake mwenyewe, tena kwa gongo la nyongeza. Akisema ni mawili, kila mwenye macho atajua anadanganya, na siku ya Komunyo. Akisema ni moja, Masele atasema asante kwa adabu zote, atachukua sahani yake, na atakwenda kwenye gari.

Wilbroad alifungua mdomo. Eustadia akamwinulia kidole, akaufunga.

Akaweka kiganja kwenye ubao nyuma yake. Mninga ulikuwa laini na wa baridi, umenyooka, mpana kuliko mtu.

"Mwambie baba yako," alisema, na alisema kwa sauti iliyomfikia Masele mwenyewe, "hili si benchi. Ni ukuta. Nimejenga ukuta katikati ya ua wangu, mimi nikae kwangu naye akae kwake. Halafu nimeutilia mahali pa kukaa huku na huku, kwa sababu mimi magoti yananiuma, na yeye sitaki asimame tena."

Bertila akazunguka kwenda kusema, ingawa hakukuwa na mtu pale ambaye hakusikia.

Mzee Masanja alivua kofia. Akalizunguka benchi lote, akaligonga kwa kifundo cha kidole juu na chini, akainama kutazama uvunguni, akitoa sauti za mtu anayenunua ng'ombe. Alipofika upande wa Eustadia akasimama akitazama mlimao kwa heshima, akasema: "Mimi nikiegemea nyumba ya mtu kwa nje, na mwenye nyumba ameegemea kwa ndani, kuna atakayesema tumelala kitanda kimoja?"

"Hakuna!" alisema Magreth.

"Sikukuuliza wewe, mpika mbichi. Basi ni ukuta. Tena ukuta mzuri. Nyumba yangu mimi haina ukuta kama huu. Kaa, kijana. Njaa inaniuma."

Masele akakaa.

Eustadia aliujua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe. Ubao ulisema neno moja dogo, kisha ukatulia. Juu yake, akigeuza jicho kidogo tu, angeweza kuona kisogo kilichonyolewa vizuri kwa ajili ya siku ile. Hakugeuza.

Wakaletewa chakula. Mwanzoni Bertila alifanya kazi yake ya siku zote: baba anasema nyama ni laini, bibi anasema ale wali na mbogamboga pia, baba anasema anakula. Halafu watoto wakamwita mwenzao kupigwa picha pale kwenye maua, na mtoto akakimbia na gauni lake jeupe, asikumbuke bibi wala baba.

Wageni walikuwa wakizungumza yao. Eustadia alisikia kijiko cha Masele kimetua kwenye sahani.

"Baba Bertila," alisema.

Ubao ulitikisika kidogo. "Naam, mama."

"Ule uji wa hospitali."

"Naam."

"Ulikuwa ukitia nini?"

Masele alifikiri, kama anayeulizwa swali la serikali. "Karanga, mama. Nilitwanga mwenyewe kwa mama mmoja jirani na hospitali. Na asali. Waliniambia maziwa yatakusumbua tumbo."

"Ulikuwa mtamu. Nilikuwa gizani na kitambaa changu, naungojea. Nilikuwa nakusikia ukikohoa pale mlangoni."

Sauti ya Masele ikaja, na kwa sababu ya mbao, Eustadia aliisikia masikioni na mbavuni pia.

"Sikuwa na kikohozi, mama. Nilikuwa nakohoa ili ujue kuna mtu."

Eustadia aliweka sahani yake pembeni. Ilimbidi atazame jiko kwa muda, moshi ukapata lawama.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nilitaka uisikie kwangu mimi."

"Nimeisikia, mama."

Baada ya hapo haikuhitajika kumtafuta mtoto. Wakazungumza habari za mpunga, na mvua zilizochelewa Igunga, na dume moja la Masele linaloogopa pikipiki. Alilisimulia dume lile kwa namna ambayo Eustadia hakuitegemea, akiigiza mpaka mkoromo wake, na kisha akacheka. Kicheko chake kilikuwa kirefu, cha ndani. Miaka yote ya ndoa ya binti yake, Eustadia hakujua kwamba mkwe wake anacheka hivyo. Advera, aliyekuwa akipita na jagi la maji, alisimama, akamwangalia mama yake huku na mume wake kule, na akasahau alikuwa anampelekea nani maji.

Saa tisa ilipopita, jua likahamia upande wa jikoni. Likaja moja kwa moja usoni mwa Eustadia, kwenye macho yake yaliyopasuliwa. Akavuta mtandio mbele, hakusema kitu. Lakini Masele aliona kivuli cha benchi kikirefuka miguuni pake mwenyewe, akajua maana yake.

"Mama, huko kuna jua. Njoo huku kivulini, mimi nije huko."

Wote waliokuwa karibu wakageuka. Wakibadilishana watakutana kwenye ncha, uso kwa uso.

"Anza kwa mkono wako wa kulia," alisema Eustadia. "Nami naanza kwa wangu wa kulia."

Wakainuka. Eustadia akashika fimbo yake akapitia upande wa mlimao. Masele akapitia upande wa tangi. Kila mmoja akazunguka ncha yake, akimwachia mwenzake ncha nyingine, macho sakafuni, na ukuta wa mninga ukabaki katikati yao hatua zote. Magoti ya Eustadia hayakimbizwi. Alipotua fimbo, akasikia kiatu upande wa pili kikitua. Aliposimama kupumua, kiatu nacho kikasimama. Masele, mtu wa hatua ndefu, anayevuka majaruba ya mpunga bila kuloa, alikuwa akitembea mwendo wa mama mkwe wake ili asimwahi kwenye kona.

"Tazameni jamani," Magreth alisema kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. "Tazameni wanavyozunguka! Bi harusi na bwana harusi hawatembei hivyo!"

Mzee Masanja akapiga vigelegele vya kiume, na ua mzima ukapokea. Wilbroad alikuwa anapiga picha huku akicheka. Eustadia alisikia yote hayo, na hakuharakisha. Aliketi kivulini, akitazama geti lake mwenyewe, barabara ikiwa tupu nje na gari limesimama peke yake, hakuna sahani juu yake. Ubao nyuma yake ulisema tena lile neno lake dogo.

"Umekaa, mwanangu?"

"Nimekaa, mama."

"Nyama bado ipo."

Hakuita mtoto. Juu ya mgongo wa benchi, karibu na bega lake, sahani tupu ikainuka polepole, imeshikwa kwa mikono miwili. Eustadia akaipokea kwa mikono miwili.